MSHIPA WA KORODANI HUZIBWA KWA DAWA



Vijijini kwetu mwanamume akivimba sehemu za siri, jina huwa moja tu: mshipa. Akiumwa kinena, mshipa. Akikosa mtoto, mshipa tena. Lakini huo siyo ugonjwa mmoja. Iko ngiri, ambayo utumbo hushuka chini. Liko busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Na uko ugonjwa wa tatu, ambao ndio hasa wa mishipa. Mishipa ya damu iliyo juu ya korodani hutanuka na kujikunja. Madaktari huuita varikosele. Leo tunaeleza huo wa tatu.

Wanaume wengi huona aibu kuusema. Sisi tutausema, kwa sababu ndoa zinavunjika.

Ugonjwa huu hutokeaje?

Wakulima wa mpunga wa Kakese wataelewa upesi. Unajua jinsi maji yanavyotuama kwenye jaruba pale mlango wa maji unapoharibika. Basi mwilini ni hivyo hivyo. Damu hufika kwenye korodani kwa mshipa mmoja, nayo hurudi kuelekea moyoni kwa mishipa mingine. Kurudi huko ni kupanda mlima. Kwa hiyo ndani ya mishipa ya kurudia mna milango midogo. Milango hiyo huiruhusu damu ipande, lakini huizuia isishuke. Isipofunga sawasawa, damu hurudi chini na kutuama. Mishipa hutanuka. Ukipapasa utadhani umeshika minyoo ndani ya kifuko.

Mara nyingi huwa upande wa kushoto. Mshipa wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, nao hauingii moja kwa moja katika mshipa mkubwa wa tumboni. Huingia kwanza katika mshipa wa figo, tena kwa kona kali.

Katika kila wanaume 100, wapatao 15 wana ugonjwa huu. Huanza kuonekana wakati wa kubalehe. Wengi hawajui hata kama wanao, wanazaa watoto na kuzeeka nao. Hauambukizi. Hautokani na uasherati wala kurogwa.

Unaleta shida gani?

Wengine huumwa, siyo kwa kuchoma bali kwa uzito, hasa jioni baada ya kusimama kutwa nzima au kubeba magunia. Wakilala chali, maumivu hupungua.

Shida kubwa zaidi ni ya uzazi. Korodani zinataka ubaridi, ndiyo maana zimewekwa nje ya tumbo. Damu iliyotuama huleta joto. Mbegu za mume huwa chache na dhaifu. Kati ya wanaume wanaopimwa hospitalini kwa kukosa mtoto, karibu theluthi moja hukutwa na varikosele.

Lakini kijijini anayelaumiwa ni nani? Mke. Atapelekwa kwa mganga huyu na yule, atanyweshwa dawa, mwisho atarudishwa kwao na mahari itadaiwa. Mume hajapimwa hata siku moja! Jambo hili si haki. Mwaka ukipita bila mimba, waende hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu za mume hakina hata kisu.

Dawa inazibaje mshipa?

Njia ya zamani, ambayo bado ni nzuri, ni upasuaji. Daktari huifunga kwa uzi ile mishipa iliyoharibika. Njia nyingine ni kuiziba kwa dawa, nayo huitwa skleroterapia. Ilianza kutumika kwa ugonjwa huu katika miaka ya 1970. Baadaye Daktari Tauber wa Ujerumani akatengeneza namna yake rahisi zaidi.

Kwa namna hiyo ya Tauber, mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, naye hubaki macho. Daktari hupasua kidogo juu ya mfuko wa korodani. Hutafuta mshipa mmoja uliotanuka na kuingiza mpira mwembamba sana. Kwanza hupitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili aone njia ni ile ile. Halafu humwambia mgonjwa abane pumzi na kusukuma tumbo, kama mtu aliyefunga choo. Hapo ndipo dawa yenyewe huingizwa. Dawa hiyo huunguza ukuta wa ndani wa mshipa. Damu iliyomo huganda, kuta hushikana, na mshipa huzibika.

Mtu atauliza: sasa damu itapita wapi? Ukifukia mfereji mbovu, maji si hupita mifereji mingine? Mishipa mizima ipo, nayo hupokea kazi.

Ziko kasoro. Katika watu 10, huenda mmoja akarudiwa na ugonjwa. Na dawa ikiingia mshipa usio wake, korodani yaweza kunyauka. Hilo hutokea mara chache, lakini ndiyo sababu kazi hii si ya kila mwenye sindano. Asikudanganye mtu kwamba atakuchoma nyuma ya duka la dawa.

Tuseme kweli pia: njia hii inataka mashine ya eksirei na daktari aliyejifunza. Tangu 2018 madaktari kutoka Marekani wamekuja Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha wenzao tiba za mpira mwembamba na eksirei. Wewe uliye Kakese anza zahanati, kisha hospitali ya mkoa, Mpanda. Huko wataamua kama ipo haja ya kukupeleka Mbeya au mbali zaidi. Ukiambiwa upasuaji wa uzi, usidhani umepewa tiba duni.

Na wavulana je?

Si kila mvulana hutibiwa. Daktari hulinganisha korodani mbili. Ile yenye ugonjwa ikibaki ndogo, au kijana akiumwa, hutibiwa. Wengine huangaliwa tu kila mwaka.

Lakini mama, baba, sikieni hili. Mtoto akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, pengine akitapika, hiyo siyo varikosele. Huenda korodani imejisokota. Ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze awe kwa daktari, la sivyo inaweza kufa. Msingoje kuche. Tafuteni pikipiki usiku huo huo.

Mtu mzima naye akiona uvimbe umetokea ghafla, au uko kulia tu, au haupungui akilala, apimwe na figo.

Aliyetibiwa asibebe magunia wala kushika plau mpaka daktari amruhusu. Wala asikimbilie kupima mbegu wiki inayofuata. Mbegu mpya huchukua karibu miezi 3 kukomaa, kwa hiyo kipimo cha kwanza ni baada ya hapo, na kingine ikifika miezi 6.