Elfu moja inanunua nini Kilosa, na nini Mikumi

Mikumi ni mji wa barabara kuu. Basi la Iringa au Mbeya likisimama, abiria hukutana kwanza na chipsi, mishikaki na soda baridi, na wakazi nao wamezoea kula hivyo hivyo. Kilosa ni mji wa reli uliozungukwa na mashamba ya mahindi, mpunga na mbaazi. Miji hii miwili iko ndani ya wilaya moja, ila shilingi ya chakula haitumiki sawa, na naamini watu wengi wenye kipato cha kawaida huku wanaweza kula mlo kamili kwa fedha ile ile wanayotumia sasa.

Katika makundi ya chakula yanayofundishwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, yanayorukwa kwa kisingizio cha bei ni yale ya jamii ya kunde na ya vyakula vya wanyama. Tuyapigie hesabu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Weka za soko lako. Nyama ya ng'ombe ikiwa shilingi 10,000 kwa kilo, elfu moja inakupa protini kama gramu 20. Mayai ya shilingi 400 kila moja yanakupa kama 15, na maziwa ya 2,000 kwa lita kama 16. Dagaa wakavu wa 12,000 kwa kilo wanafika 45, maharage ya 3,000 yanakaribia 70, na mbaazi za 2,000 zinavuka 100.

Mbaazi, basi, ndizo za kwanza, na zinalimwa hapa hapa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani kabisa na Kilosa mjini, kimezishughulikia kwa miaka mingi pamoja na kunde na choroko. Mwaka 2017 India ilipoweka vizuizi vya kuziingiza nchini mwake, bei iliporomoka na wakulima wetu wakaumia. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tulikuwa tukiziona kama zao la kuuza nje tu, wakati zikiungwa kwa nazi au karanga ni kitoweo cha heshima.

Lakini bei ya sokoni haijamaliza hesabu, kuna mkaa. Maharage makavu na mbaazi kavu hukaa jikoni kwa saa nyingi, na aliyepanga chumba kimoja Mikumi, anayenunua mkaa kwa kopo, anaweza kuchoma akiba yake yote chini ya sufuria. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale kunapunguza sana muda huo. Kupika ya siku mbili kwa mara moja kunasaidia pia, mradi chakula kichemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa. Asiye na nafasi hiyo achague choroko: zinaiva haraka, na hata zikiwa ghali kidogo kuliko mbaazi, mkaa unafidia. Dagaa nao huiva upesi, tena wakiliwa na mifupa yao wanaleta madini ya chokaa, na wana vitamini B12 ambayo kunde zote hazina. Mimi ningenunua mbaazi au choroko kwa wingi na dagaa kidogo kidogo, nyama ikabaki ya siku maalumu.

Kwenye unga tunapoteza fedha bila kujua. Anayepeleka mahindi mashineni kupata sembe hulipia kukoboa, hulipia kusaga, kisha huacha pumba na kiini, yaani nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Dona inasagwa mara moja na debe linatoa unga mwingi zaidi. Sharti lake ni mahindi safi na makavu: chambua yaliyooza na yenye ukungu, maana sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuosha au kupika hakuiondoi. Ukinunua sembe ya pakiti, tafuta iliyoongezwa virutubishi. Wala tusidhani kushiba kunatosha. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na Iringa, jirani zetu wanaovuna vizuri, walikuwa takribani 57.

Kwa anayekula nje pale Mikumi, fedha ya chipsi mayai na soda mara nyingi inatosha sahani ya mama lishe ya wali, maharage na mboga za majani, pengine na kipande cha tikiti juu yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi. Fedha hiyo inanunua ndizi mbivu kadhaa.

Mboga ndiyo nafuu kuliko vyote, ila chagua ya kijani iliyokolea. Matembele, mchicha na majani ya maboga vinaipita kabichi mbali kwa vitamini A, na mafuta kidogo ya alizeti yanatosha kuusaidia mwili kuipokea. Matunda fuata msimu: embe la Desemba halina bei ya embe la Juni. Nje ya msimu kuna ubuyu, ambao mibuyu yake imejaa bondeni Ruaha Mbuyuni. Juisi yake isiyojazwa sukari, ikinywewa pamoja na mlo wa kunde mahali pa chai, inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mtoto aliyetimiza miezi sita ndiye pekee ambaye nisingembania kwenye vyakula vya wanyama. Tumbo lake dogo halibebi bakuli la mbaazi, kwa hiyo yai la shilingi 400, au dagaa waliosagwa ndani ya uji wake, huenda ndiyo matumizi bora kuliko yote katika bajeti nzima ya nyumba. Mwenye kuku uani abakize ya mtoto kabla ya kupeleka trei sokoni.