Diski za breki zenye matundu: mnunuzi analipia nini?

Ukiulizia diski za breki za gari dogo katika maduka ya spea, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, unaweza kuonyeshwa aina tatu: ya kawaida iliyo laini, iliyotobolewa matundu toka upande mmoja hadi mwingine, na yenye vishimo visivyotokea upande wa pili. Hizo mbili za mwisho huuzwa ghali zaidi kwa maelezo kwamba zinapoa haraka. Kabla ya kutoa fedha, au kuagiza mzigo mzima kwa ajili ya kuuza, inafaa kujua matundu hayo yalikusudiwa nini.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka kilomita 50 kwa saa, breki hupokea kiasi cha kilojuli 135. Likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, ni kilojuli 540. Yaani mwendo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Joto hilo hupokelewa kwanza na chuma cha diski, kisha hewa hulichukua taratibu.

Hapo ndipo hoja ya muuzaji inapoyumba. Kutoboa diski ni kupunguza chuma, na chuma kikipungua diski hupata moto haraka zaidi. Kinachosaidia sana kupoza diski za mbele ni nafasi ya hewa iliyo katikati ya bapa zake mbili, nayo imo hata katika diski laini za magari mengi ya kawaida.

Matundu yalikuwa na sababu yake. Pedi za zamani zilitoa gesi zilipopata moto sana, gesi hiyo ikazuia pedi isishike diski sawasawa, na matundu yakaipa njia ya kutokea. Kwa magari ya mashindano yalipunguza pia uzito. Pedi za sasa hazitoi gesi kwa kiasi hicho. Faida iliyobaki kwa dereva wa kawaida ni ndogo: wakati wa mvua, kingo za matundu husaidia kukwangua maji. Na sura, bila shaka, kwa wenye rimu za wazi.

Hasara yake ni ufa. Kila tundu ni mahali ambapo chuma huelemewa zaidi kinapotanuka na kunywea, hasa kama kingo zake hazikulainishwa kiwandani. Fikiria gari lenye abiria watano na mizigo likiteremka Kitonga, mkoani Iringa, dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kushusha gia. Nyufa huanzia tunduni na huweza kuunganisha tundu na tundu. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua jozi ya bei nafuu kwa ajili ya gari lake. Fundi alizitoa kabla ya mwaka kwisha, zikiwa na nyufa zinazoonekana kwa macho.

Diski ya vishimo ni nafuu kwa upande huo, kwa kuwa chuma hakikutobolewa moja kwa moja. Baadhi ya viwanda hupima kina cha vishimo ili vikiisha, diski nayo iwe imekwisha. Lakini si vyote, hivyo cha kutegemea ni unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi kwa herufi 'MIN TH'.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, karatasi za forodha hazitamsaidia kutofautisha. Katika mfumo wa HS, laini, ya matundu na ya vishimo zote huingia namba 8708.30. Alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya kibali yenye 90R, huonyesha kwamba diski imeidhinishwa chini ya Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spea za breki.

Tofauti ya bei ingefanya kazi zaidi kwenye pedi nzuri na mafuta mapya ya breki. Kwa viwango, DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230; ikishavuta unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Mafuta yakichemka mteremkoni, pedali huzama hadi chini, hata kama diski ina matundu mia.