Javel, soda ya sabuni na dawa za Ebola: namna gani labo inasoma sukari ya proteini

Beni, Butembo, Mangina, Mambasa: kati ya 2018 na 2020 kila mutu alinawa mikono na maji ya klori kwenye bariera. Ile harufu tuliizoea. Lakini wengi hawajui kama ndugu ya klori ile, maji ya Javel, inafanyaka pia kazi ingine ndani ya labo: kukata minyororo ya sukari yenye kushikamana na proteini.

Sukari gani?

Si ile ya chai. Seli za mwili zinabandika minyororo midogo ya sukari juu ya proteini nyingi. Virusi ya Ebola nayo inajivika sukari nyingi juu ya ngozi yake, na hiyo inaisaidia kujificha mbele ya askari wa mwili.

Dawa nazo ziko na sukari. Mukumbuke mAb114, leo inaitwa Ebanga. Ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na ikajaribiwa hapa kwetu. Matokeo ya Agosti 2019 yalionyesha kama kwa wagonjwa walioipata, karibu 35 kwa 100 walikufa; kwa wale wa dawa ingine, ZMapp, ilikuwa karibu nusu. Askari hao wanatengenezwa ndani ya seli za munyama mudogo wa jamii ya panya, na seli hizo njo zinabandika sukari. Sukari ikibadilika, askari anaweza kuita wenzake kwa nguvu zaidi ao kidogo. Njo maana kiwanda kinapaswa kuipima.

Namna ya kuitoa

Ili kuisoma vizuri, wataalamu wanaitosha kwanza kwenye proteini. Kuko njia ine.

Ya kwanza ni enzimu, kama makasi. Ile inaitwa PNGase F inakata sukari iliyofungwa kwenye nitrojeni. Lakini ile iliyofungwa kwenye oksijeni haiigusi, na hakuna enzimu moja ya kuikata yote. Hapo kemia inaingia.

Ya pili ni soda kostiki, ile ile wamama wanapikia sabuni. Inalegeza sukari ya oksijeni. Shida: mnyororo ukishaachilia, unaanza kumenyeka, sukari moja kisha ingine, mpaka hakuna cha kusoma. Kwa hiyo wanaongeza borohidridi ya sodiamu ili kufunga ncha. Ila ncha ikifungwa, haikubali tena rangi yenye kung'aa ambayo mashini inatafuta.

Ya tatu ni hidrazini. Hiyo inatoa sukari zote mbili na kuacha ncha wazi. Lakini ni sumu kali, inaweza kulipuka, na inatumiwa kusukuma setilaiti angani. Maji kidogo tu yakiingia, kazi inaharibika.

Ya ine njo Javel. Mwaka 2016, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionyesha kama hipokloriti, yenyewe iko ndani ya Javel, inaweza kuachilisha sukari za aina zote mbili. Ni ya bei ndogo, na inaweza kutumika kwa kilo mingi za vitu, si kwa tone tu. Lakini wanapaswa kuisimamisha kwa wakati. Ikikawia, inakula hata sukari yenyewe.

Tuelewane vizuri

Hii haiseme kama Javel inaponyesha Ebola. Usiinywe, usimupe mutoto. Nyumbani kazi yake ni usafi tu.

Wakati wa Ebola wengi waliuliza: nani anajua kilicho ndani ya sindano ile? Swali hilo ni la haki. Sehemu moja ya jibu iko hapa: kila mara kiwanda kinapotengeneza dawa ya namna hii, kuko watu wenye kuifungua, kuikata na kuhesabu mpaka sukari zake, mbele haijafika kwenye mukono wa mugonjwa.