Simba wa Nani?

Simama kwenye uchochoro wowote wa Kigogo uite "Simba!" Watageuka mbwa watatu, na pengine dereva wa bodaboda aliyevaa jezi nyekundu. Kazi yangu ni kuchanja mbwa na paka katika mitaa ya bonde la Msimbazi, na kadi ninazojaza zinachekesha: Simba, Tomi, Simba, Bosi, Simba. Jina la mbwa linamfaa bwana wake tu. Rangi nayo haisaidii, maana wengi ni wa kahawia, mkia umepinda juu, masikio nusu wima.

Mbwa akiwa kwake haina shida, kila jirani anamjua. Balaa ni siku mto unapofurika. Waliokuwepo bondeni Desemba 2011 wanajua maji yanavyoingia, wengine ndio wakahamishiwa Mabwepande. Mtu anabeba watoto, godoro na vyeti. Mbwa akiponyoka, asubuhi yuko Magomeni, amelowa, ana njaa, anambwekea kila anayemsogelea. Huko yeye ni mbwa koko, na mbwa koko mwenye vurugu watu humshikia mawe.

Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Lakini kumuua mbwa haraka kunaweza kumwongezea mashaka yuleyule aliyeumwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje lolote. Mbwa naye, ikiwezekana bila kuhatarisha mtu, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi alipouma, ndani ya muda huo ataugua na kufa. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, hakuambukiza kwa jeraha lile, na daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Mbwa mwenye namba ya simu shingoni utampata bwana wake, utaiona kadi ya chanjo, utajua pa kumfungia. Aliyepigwa akatupwa mtoni ameondoka na jibu.

Basi mvisheni mkanda. Mafundi wa kuchonga mihuri wanaweza kuandika namba kwenye kibati kidogo, na usipoteze nafasi kwa kuandika Simba. Andika namba mbili, yako na ya ndugu, kwa sababu siku ya mafuriko simu yako huenda nayo imezama. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mbwa anayekua apimwe tena na tena. Paka avae mkanda unaofunguka ukivutwa, maana hupanda mapaa na mkanda usiofunguka unaweza kumnyonga. Kuna mama muuza mihogo aliyekata ukanda wa begi bovu la shule, akatarizi namba yake kwa uzi mwekundu. Mkanda mzuri kuliko huo sijauona madukani.

Wenye uwezo huniuliza kuhusu chipu. Ni kitu kama punje ya mchele, daktari hukichoma chini ya ngozi kati ya mabega, na ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Haina betri wala haionyeshi mnyama alipo. Lazima apitishiwe kifaa cha kuisoma, kisha namba itafutwe kwenye daftari la usajili. Uingereza kila mbwa analazimika kuwa nayo tangu 2016. Anayepeleka mnyama nchi za Umoja wa Ulaya aiweke kabla ya chanjo ya kichaa, la sivyo chanjo hiyo haitahesabiwa. Lakini kijana wa Magomeni aliyemwokota mbwa wako hana kifaa hicho mfukoni. Anza na mkanda, chipu ije baadaye.

Masika yakikaribia, piga picha ukiwa na mnyama wako, kovu au baka lake lionekane, uitume kwa ndugu. Kadi ya chanjo ikae mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa. Paka atafutiwe tenga la kuku lenye mfuniko, na alizoee mapema kwa kulishiwa dagaa humo; paka anayeliona tenga mara ya kwanza usiku wa mafuriko atakuchana mikono, halafu atakimbilia darini.

Mbwa ndiye mgumu. Waliokosa makazi wakilazwa shuleni, hatakaribishwa darasani, na jirani anayetunza udhu wake ana haki ya kulalamika. Marekani, kimbunga Katrina cha 2005 kilipopiga, wapo waliokataa kuokolewa wakiwaacha wanyama wao, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwaingiza wanyama katika mipango ya dharura. Bondeni kwetu tegemeo ni shemeji mwenye uwanja Kimara. Zungumza naye sasa, jua likiwaka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, usilale mbwa akiwa amefungwa kamba. Ukishindwa kuondoka naye, mfungue, wengi huogelea. Maji yakipungua, peleka picha yake ofisi ya serikali ya mtaa na uwaulize watoto, wao huwaona mbwa wageni kabla yetu. Akirudi na jeraha la kuumwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama kadi inaonyesha amechanjwa.