Probiotiki: jina linaahidi nini, tumbo linapata nini?

Mwenzangu wa chumba aliharisha siku mbili. Alinunua vidonge vya probiotiki kwenye farmasi, akameza, akalala bila kunywa maji. Nilipomuuliza, alinijibu kama mwanafunzi wa lugha: "Antibiotiki hupinga uhai, probiotiki huutetea. Zitanitengeneza." Nami niliamini hivyo, mpaka niliposoma zaidi.

Etimolojia yake ni sahihi: "pro" ni "kwa ajili ya", "bios" ya Kigiriki ni "uhai". Lakini jina si uthibitisho. Mwaka 2001, wataalamu wa FAO na OMS walieleza probiotiki kuwa vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya afya.

Tuanze na neno "hai". Chikwangue hutokana na muhogo uliochachuka, lakini hupikwa, na moto huua bakteria wake. Mashanza, maziwa ya mgando ya Kivu, yasipochemshwa hubaki na bakteria hai. Hata hivyo hayaitwi probiotiki mpaka faida ya bakteria hao ithibitishwe.

Na faida? Mwaka 2019, mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 33 kuhusu watoto waliotumia antibiotiki. Kati ya waliopewa probiotiki, 8 kwa 100 waliharisha. Kati ya wasiopewa, 19 kwa 100. Hiyo ni kinga ya kweli. Lakini mapitio ya 2020, yenye tafiti 82 kuhusu kuhara kunakoletwa na maambukizi, yaliona kwamba pengine probiotiki hazipunguzi, au hupunguza kidogo tu, idadi ya wanaohara siku mbili au zaidi. Tena, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati na wagonjwa wenye kinga dhaifu sana, vijidudu hivyo vinaweza kuingia katika damu na kuleta maambukizi.

Katika nchi inayojua kipindupindu, tusisahau jambo hili: anayehara huuawa hasa na upungufu wa maji na chumvi, na kidonge cha probiotiki hakirudishi hata tone. Kinachorudisha ni pakiti ya SRO. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mwenzangu alikunywa maji hayo jioni ile, kidogo kidogo, na kesho yake alisimama. Vidonge sikumkataza. Nilimwomba tu, siku nyingine, amuulize muuza dawa: ni vijidudu vya aina gani, na vimethibitishwa kwa ugonjwa gani?