Kidonge Kimoja, Maini Mawili

Msomaji wa Nyololo, wilayani Mufindi, anauliza: yeye na dada yake waliandikiwa dawa moja ya maumivu yenye kodeini, kipimo kilekile. Dada alilala kutwa, akawa mzito hata kuamshwa. Yeye hakuona nafuu yoyote, na sasa anafikiria kuongeza vidonge. Asiongeze. Jibu liko kwenye ini, nami sijui jambo la kupendeza kuliko hili katika elimu yote ya dawa.

Kodeini yenyewe hutuliza maumivu kidogo mno. Ni gogo la msindano lililotoka msitu wa Sao Hill: huwezi kuezekea nyumba gogo, sharti lipite kwenye dingdong, mashine ya kupasulia, litoke mbao. Mbao ndiyo mofini, na mashine ni kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Mashine hiyo tunairithi kwa wazazi. Yuko aliyerithi iliyokufa: magogo yanarundikana uwanjani, fundi anasubiri, paa halipandi. Yuko mwenye msumeno uliopinda, unaopasua polepole. Aina hiyo, iliyoelezwa mwaka 1996 na mtafiti Collen Masimirembwa na wenzake kwa Wazimbabwe, ipo pia kwetu Tanzania. Na yuko mwenye mashine mbili au tatu zinazonguruma kwa pamoja, mbao zikamwagika kabla fundi hajashika nyundo. Mwaka huohuo mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walikuta karibu Waethiopia 29 kati ya 100 waliopimwa wana jeni za ziada za mashine hiyo. Mwaka 2015 Ethiopia ikapiga marufuku kodeini.

Mofini ikizidi, shina la ubongo halisikii tena kabonidayoksaidi inavyojaa kwenye damu, na ndiyo inayotusukuma kuvuta pumzi hata usingizini. Mgonjwa hatapatapi, pumzi zinapungua tu. Diazepamu, ile Valium ya kuleta usingizi, inaudidimiza ubongo kwa njia nyingine, kwa hiyo zikikutana usiku mmoja hatari huzidi sana. Pombe vilevile.

Tramadoli nayo hutegemea mashine hiyo kwa sehemu. Mtoto wa chini ya miaka 12 na mama anayenyonyesha wasipewe kodeini. Dada arudi kwa daktari, aeleze usingizi ule.

Mofini ya maji wanayopewa wagonjwa wa saratani inaogopwa kuliko kodeini, ilhali ni mbao iliyokwisha kupasuliwa. Kwa hiyo daktari huanza na kiasi kidogo kila baada ya saa nne, kisha hukipandisha kadiri maumivu yanavyodai.