Baraka na Fizi: Mafungo Ng'ambo ya Tanganyika

Mkristo wa kwetu Tanzania akitaka kufanya mafungo ya kiroho nje ya nchi, huwaza Yerusalemu, Roma, au walau Namugongo kule Uganda. Ni wachache wanaoikumbuka Baraka, mji wa wavuvi na wachuuzi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kivu Kusini ya Kongo. Mji huo uko kwenye ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari, na Fizi iko juu yake milimani. Ni nchi ya Wabembe, ya bugali wa muhogo na ndakala. Wapenda siasa huijua kwa ajili ya Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kuwaunga mkono waasi wa Simba. Miezi mitano kabla yake waasi hao walikuwa wamewaua huko watumishi wanne wa Kanisa, na kwa maoni yangu anayetafuta mahali pa kuipima imani yake atapata huko mengi kuliko kwenye makanisa ya marumaru.

Tarehe 28 Novemba 1964 gari la waasi lilisimama kwenye misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha waumini, alitoka nje, naye akaambiwa apande. Akapiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akataka afie hapo hapo. Jioni gari likafika Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu kati yao walikuwa Waitalia. Joubert alizaliwa mwaka 1908 pwani ya ziwa hilo hilo, mama yake Mwafrika, baba yake kapteni Mfaransa aliyezilinda misheni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Mtu atasema hayo yalikuwa siasa, si dini: Lumumba alikuwa ameuawa mwaka 1961, na siku nne tu kabla ya mauaji hayo wanajeshi wa miamvuli wa Ubelgiji walikuwa wametua Stanleyville, Kisangani ya leo. Sikatai kwamba hasira ilikuwa na sababu zake. Lakini hasira hiyo haielezi kwa nini Carrara alipiga magoti. Kanisa liliamua kwamba waliuawa kwa chuki dhidi ya imani, na Kardinali Fridolin Ambongo akawatangaza wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Anayefunga na kusali Baraka hana budi kuyabeba yote mawili, ushujaa wa waliokufa na kilio cha nchi iliyoonewa. Tena barabara ya kutoka Uvira inapita Makobola, ambako mamia ya raia waliuawa kuanzia mwisho wa Desemba 1998. Hao hawajatangazwa wenyeheri, lakini wanastahili sala vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni usalama, na hapo sina ubishi. Fizi bado ina makundi yenye silaha, na kumhimiza mtu aende leo ni kumponza. Basi tuanzie upande wetu. Karema, mkoani Katavi, ni misheni ya Mapadri Weupe tangu 1885, na ndiko alikohudumu daktari na katekista Adrian Atiman hadi alipofariki mwaka 1956. Parokia zinazopanga mafungo ya mwakani zipeleke watu Karema, na Baraka ingojee barabara itulie.